Harufu na Uzazi wa Wanyama: Somo Kutoka Zizini

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, yatuhimiza tuwazingatie wanyama wafugwao, kwa kuwa ndani yao mna fundisho kwa watu. Wengi wetu hulitafuta fundisho hilo katika maziwa, nyama na ngozi, kisha tukaishia hapo. Lakini mwenye kutazama vizuri ataona kwamba hata kitu kile ambacho watu hukikimbia huku wameziba pua, yaani harufu ya beberu, kimebeba elimu kubwa. Katika somo hili tutaeleza, kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo, jinsi harufu inavyoweza kuuamsha au kuuzima uwezo wa kuzaa katika wanyama wanyonyeshao. Na mwishoni tutaeleza mpaka wa jambo hilo kwa mwanadamu.

Mifano yetu mingi tutaichukua Bariadi na mkoa wa Simiyu. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza, una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, watu wa pamba na mifugo. Na kwa upande wa mashariki nchi yao inapakana na Pori la Akiba la Maswa pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Basi mtu wa huko ana vitabu viwili vilivyofunguliwa mbele yake: zizi lake la mbuzi na ng'ombe, na pori la nyumbu na tembo.

SWALI LA MFUGAJI

Mfugaji huweza kujiuliza hivi: Kwa nini mbuzi wangu majike wamekaa muda mrefu bila kutaka dume, na mara alipoletwa beberu mgeni, wengi wao wakataka kupandwa kwa wakati mmoja? Na kwa nini beberu aliyehasiwa hana harufu ile, wala majike hawashughuliki naye?

Wengine hujibu kwamba ni bahati tu. Wengine, zizi lisipozaa, huleta maneno ya husuda na uchawi. Neno hili la pili si jambo dogo. Katika nchi ya Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na baadhi yao walishukiwa kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kuijua sababu ya kweli ya mambo si anasa ya wasomi. Huweza kuwa ngao ya uhai wa mtu asiye na hatia.

HOMONI NA FEROMONI NI NINI?

Yapasa kwanza tufahamu maneno mawili. Homoni ni kemikali itengenezwayo ndani ya mwili, mara nyingi na tezi, ikachukuliwa na damu na kupeleka amri mahali pengine katika mwili ule ule. Feromoni ni kemikali itokayo katika mwili wa mnyama mmoja na kuleta badiliko katika tabia au mwili wa mnyama mwingine wa aina yake. Neno hili feromoni lilibuniwa mwaka 1959 na wataalamu wawili, Peter Karlson na Martin Lüscher. Kwa mfano, tunaweza kusema kuwa homoni ni barua ya ndani ya nyumba, na feromoni ni barua ipelekwayo kwa jirani.

Sasa, ajabu yenyewe ni hii: barua ya jirani ikifika, huweza kuzifungua barua za ndani ya nyumba. Harufu ya dume hufika puani mwa jike, na damu ya jike hubadilika. Hapana uchawi hapa. Iko njia, nayo ina hatua zinazojulikana.

NJIA YA HARUFU, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni mwili wa beberu. Kokwa zake hutoa homoni ya testosteroni. Homoni hii huziamsha tezi za mafuta zilizo katika ngozi, hasa ngozi ya kichwa na shingo, nazo zikatoa vitu vyenye harufu. Ndiyo maana beberu aliyehasiwa hupoteza harufu yake: chemchemi imekauka.

Hatua ya pili ni pua ya jike. Mishipa ya fahamu ya puani huipokea harufu na kuipeleka katika ubongo.

Hatua ya tatu ni sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo hipothalamasi. Humo zimo chembe zitengenezazo homoni ifupishwayo kwa herufi GnRH, ambayo ndiyo ufunguo wa uzazi wote. Wataalamu Andrew Schally na Roger Guillemin, waliofumbua muundo wake, walipata tuzo ya Nobel mwaka 1977. Homoni hii haitoki mfululizo kama maji ya bomba; hutoka kwa mapigo, kama mapigo ya ngoma. Mapigo yakiwa machache, uzazi husinzia. Mapigo yakiwa ya haraka, uzazi huamka.

Hatua ya nne ni tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo. Ikipata mapigo ya GnRH, nayo humwaga katika damu homoni iitwayo LH.

Hatua ya tano ni ovari, mahali yanapokaa mayai ya jike. LH huzihimiza ovari kutoa homoni ya estrojeni. Estrojeni ikizidi, jike huingia katika joto, akatikisa mkia na kumfuata dume. Kisha yai lililopevuka huachiwa.

Katika mbuzi na kondoo, mapigo ya LH huongezeka katika muda mfupi sana baada ya jike kukutana na dume, kwa kuhesabu dakika, si siku. Yai la kwanza huachiwa kwa kawaida katika siku mbili tatu. Lakini mara nyingi kwa mbuzi duru hii ya kwanza ni fupi, ya siku tano au sita hivi, wala haishiki mimba. Kisha hufuata joto la pili lililo imara. Kwa sababu hiyo mimba nyingi hupatikana kati ya siku ya saba na ya kumi tangu dume aingie. Mfugaji mwenye haraka, aonaye majike yamepandwa siku ya tatu na hayakushika mimba, asiseme kwamba beberu huyu ni mbovu. Asubiri juma moja.

USHAHIDI WA WATAALAMU

Huenda mtu akauliza: Je, tumejuaje kwamba ni harufu, na si kitu kingine? Swali hili ni la haki, na majibu yake ni haya.

Mwaka 1944 huko Australia, Underwood na wenzake walieleza kwamba kuingizwa kwa madume katika kundi la kondoo majike huyafanya majike yaingie katika joto karibu wakati mmoja. Mwaka 1956, Wesley Whitten, naye wa Australia, alionyesha kwamba panya majike waliowekwa pamoja na dume huingia katika joto kwa wingi usiku wa tatu. Na baadaye ikadhihirika kuwa mkojo wa dume pekee watosha kuleta jambo hilo. Mwaka 1959 huko Uingereza, Hilda Bruce aligundua jambo la kutisha zaidi: panya jike aliyekwisha kupandwa, akiletewa dume mgeni katika siku chache za mwanzo, huipoteza mimba yake kabla haijajishikiza tumboni. Harufu ya mgeni huipunguza homoni ya prolaktini, na mimba changa ya panya haiwezi kusimama bila ya homoni hiyo. Tena katika miaka ya 1960, John Vandenbergh wa Marekani alithibitisha kwamba panya jike mchanga akaaye karibu na dume aliyekomaa hubalehe mapema kuliko wenzake.

Ama kuhusu mbuzi, ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Japani mwaka 2014. Wataalamu wa huko waliwavika mabeberu kofia maalumu zenye kunasa mvuke utokao katika nywele za kichwa. Wakawavika vile vile mabeberu waliohasiwa, kisha wakalinganisha. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana kwa mabeberu kamili peke yao, walikiona kimoja kiitwacho 4-ethiloktanali. Walipowanusisha majike kitu hicho, huku vipimo vimewekwa katika ubongo wao, waliona mapigo ya sehemu ile itoayo GnRH yakiongezeka papo hapo. Na ajabu yake ni kwamba kitu hiki chenyewe hakinuki vibaya; harufu yake yafanana na ya machungwa. Kikipigwa na hewa ndipo hugeuka kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo yenye harufu kali ya ubeberu tuijuayo sote. Basi sisi hunusa majivu ya barua, na jike huisoma barua yenyewe.

Hata hivyo, mwenye insafu asiseme kuwa harufu ndiyo kila kitu. Kondoo majike waliopoteza uwezo wa kunusa wameonekana bado wakiamshwa na dume, kwa sababu humwona, humsikia na kuguswa naye. Harufu ni mlango mkubwa, lakini nyumba ina milango mingine.

FAHALI ANYANYUAPO MDOMO

Kila mchungaji amewahi kumwona fahali au beberu akinusa mkojo wa jike, kisha akainua kichwa, akakunja mdomo wa juu na kusimama kimya kama mwenye kufikiri. Watoto hucheka na kusema kwamba mnyama anatabasamu. Kumbe anapima.

Juu ya kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, wanyama wengi wana kijifuko kinachoitwa kiungo cha Jacobson, kwa jina la Ludvig Jacobson wa Denmark aliyekieleza mwaka 1813. Kwa kunyanyua mdomo, dume huvuta unyevu wa mkojo ule mpaka ndani ya kijifuko hicho, na kwa njia hiyo hupata kujua kama jike yu karibu kupandwa. Dume hapotezi nguvu zake bure. Richard Estes, mtaalamu aliyewachunguza nyumbu katika Ngorongoro, aliandika mwaka 1972 maelezo marefu juu ya kazi ya kiungo hiki katika uzazi. Nyumbu, twiga, swala na tembo hukitumia, kila mmoja kwa namna yake; lakini kongoni na nyamera, ingawa ni jamaa wa nyumbu, hawanyanyui mdomo namna hii.

TEMBO NA NYUMBU WA MPAKANI

Tembo jike hubeba mimba kwa miezi 22, na duru yake ya uzazi ni ya majuma kama 16, ambayo ndani yake siku za kumkubali dume ni chache mno. Dume huweza kuwa mbali sana. Watakutanaje? Mwaka 1996 Bets Rasmussen na wenzake walitangaza kwamba mkojo wa tembo jike wa Asia, anapokaribia kuachia yai, una kemikali maalumu imwitayo dume. Na kemikali hiyo ni ile ile itumiwayo na aina zaidi ya 100 za nondo, wale wadudu warukao usiku. Mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu na mdudu mdogo wa taa wanatumia herufi moja! Nondo hamfuati tembo, kwa kuwa kila mmoja ana maneno mengine ya ziada na kiasi chake; lakini herufi ni ile ile.

Dume wa tembo naye ana majira yake. Joyce Poole na Cynthia Moss, waliofanya kazi Amboseli nchini Kenya, walieleza mwaka 1981 hali iwajiayo madume wakubwa wa Afrika: testosteroni hupanda sana katika damu, majimaji yenye harufu kali hutiririka kutoka tezi iliyo kati ya jicho na sikio, na mkojo hudondoka mfululizo. Harufu hiyo huwaambia majike kuwa dume yu tayari, na madume wadogo kuwa wakae mbali. Nao wanavijiji waishio karibu na mapori ya Simiyu yawafaa waijue alama hiyo. Tembo mwenye mashavu yaliyolowa na miguu ya nyuma iliyolowa mkojo si wa kufukuzwa kwa mawe na kelele. Ni wa kukimbiwa mapema.

Ama nyumbu, wao ni ushahidi wa neno tulilolitaja, kwamba harufu haifanyi kazi peke yake. Nyumbu wa Serengeti, ambao idadi yao hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, huzaa ndama walio wengi katika muda wa majuma matatu hivi, mwanzoni mwa mwaka, katika nyanda fupi za kusini. Ndama huwa wengi hata fisi na simba hushiba na kuwabakiza. Ili wazae pamoja, hapana budi washike mimba pamoja. Nao hupandana karibu na Mei na Juni, wakati ambapo makundi yanahama kutoka nyanda hizo, mengi yakielekea magharibi, upande wa Ziwa Viktoria. Je, ni harufu iwafanyayo waamke pamoja? Mwaka 2018 Justin Calabrese pamoja na wenzake, akiwemo Estes tuliyemtaja, walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa Serengeti kwa nyumbu majike waliotengwa na makundi. Waliosikilizishwa milio ya madume iliyorekodiwa walikaribiana zaidi katika nyakati zao za joto kuliko wale ambao hawakuisikia. Sikio nalo, basi, ni mlango wa homoni.

MAMA NA MTOTO WAKE

Mpaka hapa tumeona harufu ikiziamsha homoni. Yako pia mambo yaendayo kinyume, ambapo homoni huifungulia harufu mlango. Mbuzi au kondoo azaapo, kule kutanuka kwa njia ya uzazi huufanya ubongo wake umwage homoni ya oksitosini. Kwa muda mfupi baada ya hapo, pua yake huwa kama udongo mbichi: harufu ya mtoto amlambaye huchorwa humo, na katika saa chache udongo hukauka. Tangu hapo atamnyonyesha huyo tu, na wengine atawapiga pembe.

Ndiyo maana mtoto aliyeondolewa mara tu anapozaliwa, akafutwa na kukaushwa mbali na mama yake, huweza kukataliwa. Na ndiyo maana wafugaji wa nchi nyingi, mtoto afapo, humfunika yatima ngozi ya marehemu yule ili mama ampokee. Mama haongozwi na jicho. Anaongozwa na pua.

FAIDA KWA MFUGAJI

Elimu isiyotumika ni kama mbegu iliyoachwa ghalani. Basi na tutaje namna ya kuitumia.

Kwanza: Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Katika Simiyu mvua huanza kwa kawaida mwezi Oktoba au Novemba, na majani huwa mazuri baada ya hapo. Mbuzi azaaye katikati ya kiangazi hana maziwa, na mtoto hufa kwa njaa. Lakini beberu akiingizwa mwanzoni mwa Julai, mimba nyingi zitashikwa karibu na tarehe 10 ya mwezi huo, na kuzaa kutakuwa katika juma la kwanza la Desemba, maziwa yakiwepo na malisho yakiwepo. Julai nayo ni wakati ambapo majike bado wana mwili walioupata msimu wa mvua.

Pili: Ili beberu awe na nguvu hiyo, asikae na majike mwaka mzima. Atengwe kwa majuma kadhaa, mahali ambapo majike hawamwoni wala hawamnusi. Ikiwa haiwezekani, na aletwe beberu mgeni, maana imeonekana kuwa dume mgeni aliye na ashiki kali huweza kuwaamsha hata majike waliowazoea madume wengine. Wapo wafugaji, kama Wamasai, wafungao kipande cha ngozi tumboni mwa dume ili asipande nje ya majira. Desturi hiyo ni nzuri na huzuia mimba. Lakini haizuii harufu, na majike watakuwa wamemzoea.

Tatu: Beberu alishwe vizuri kabla ya kuingizwa. Uchunguzi umeonyesha kuwa dume aliyeshiba hutoa harufu kali zaidi na huwaamsha majike wengi zaidi kuliko dume aliyekonda. Hapa desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kuyahifadhi malisho kwa ajili ya kiangazi, ina faida mara mbili: kwa beberu katika Juni, na kwa majike wenye mimba katika Septemba na Oktoba.

Nne: Ng'ombe nao wamo. Ng'ombe aliyezaa, hasa mzao wa kwanza, hurudi katika joto mapema zaidi akikaa na fahali kuliko akikaa na majike wenzake tu.

Tano, na hili ni la lazima: Harufu haiponyi maradhi. Jike aliyekonda sana hataamka hata kama beberu atanuka namna gani, na zizi linalotupa mimba mara kwa mara huenda lina ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huwaambukiza hata watu. Hapo wa kuitwa ni mtaalamu wa mifugo, si mganga wa ramli.

JE, MWANADAMU NAYE HUTAWALIWA NA HARUFU?

Swali hili lataka uangalifu, maana juu yake wamejenga biashara watu wengi, wa limbwata na wa manukato ya bei kubwa.

Ni kweli kwamba pua na uzazi wa binadamu vina undugu wa asili. Mwaka 1989 ilionekana kwa vijusi vya panya kwamba chembe zitengenezazo GnRH huzaliwa puani, kisha husafiri mpaka katika ubongo. Na ndivyo ilivyo kwetu pia. Wapo watu wachache ambao safari hiyo ilikatika wangali tumboni mwa mama zao. Watu hao hawasikii harufu yoyote, wala hawabalehe bila kutibiwa. Hali hiyo huitwa kwa jina la Franz Josef Kallmann, aliyeieleza mwaka 1944, nayo ina matibabu hospitalini. Kijana asiyebalehe, basi, asichekwe wala asipelekwe kwa waganga. Aulizwe kama anasikia harufu, na apelekwe kwa daktari.

Lakini kuwa na asili moja si kutawaliwa. Kiungo cha Jacobson kwa mtu mzima ni masalio tu, na jeni yake iliyo muhimu imeharibika tangu zamani. Mwaka 1971 Martha McClintock wa Marekani aliandika kwamba wanafunzi wa kike 135 walioishi pamoja walikaribiana katika siku zao za hedhi, na watu wakadhani kuwa harufu ndiyo sababu. Lakini mwaka 2006 Zhengwei Yang na Jeffrey Schank walipowafuata wanawake 186 nchini China kwa uangalifu zaidi, hawakuona kukaribiana huko. Wakaonyesha kwamba hesabu za mwanzo zilikuwa na dosari. Na mwaka 2015 Tristram Wyatt wa Oxford alipoupima ushahidi wote, alieleza kwamba hakuna hata kemikali moja iliyothibitishwa kuwa feromoni ya binadamu. Basi yule auzaye chupa na kusema, "Jipake hii, atakufuata," anauza maneno matupu, awe amevaa hirizi au amevaa tai.

Hapa ndipo fundisho lenyewe lilipo. Mbuzi jike akipata barua ya harufu, mwili wake hutii, wala hana lawama. Mwanadamu amepewa akili na hiari, na kwa hiyo ataulizwa. Asiseme mtu aliyevunja ndoa ya jirani yake kuwa alivutwa na nguvu isiyozuilika. Wala mume asimwambie mkewe asiyezaa kuwa ana mkosi. Sababu za kukosa mtoto huweza kuwa kwa mume kama ziwezavyo kuwa kwa mke, na wote wawili wapaswa kupimwa.

Kurani Tukufu yatueleza katika Sura Yusuf jinsi Nabii Yakubu a.s. alivyoisikia harufu ya mwanawe kabla msafara haujafika, na walio karibu naye wakadhani kuwa uzee umempotosha. Harufu ile haikumwamrisha; ilimkumbusha. Nayo ndiyo kazi ya harufu kwa binadamu: kumkumbusha mtu apendao. Usafi na manukato ni jambo jema, na Mtukufu Mtume s.a.w. aliyapenda, lakini upendo wa watu hujengwa kwa ukweli na wema, wala haununuliwi katika chupa.

Basi, ndugu msomaji, utakapopita karibu na zizi na ukaisikia harufu ile ya beberu, usiitemee mate. Ni barua iliyoandikwa vizuri, na kila hatua ya safari yake ina sababu. Na yule bibi mzee wa jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, hana habari yoyote na zizi lako. Mpelekee maziwa.